Kuizuia Kompyuta Isianguke kwa Kosa la Kiendeshi

Wengi wetu tumeona kompyuta ikisimama ghafula, kioo kikawa buluu, na kazi ya saa nzima ikapotea. Napenda kueleza sababu moja ya ajali hiyo na jinsi ya kuizuia.

Diski au flashi haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Hupitia programu ndogo iitwayo kiendeshi. Katika Windows na Linux, viendeshi vingi vya diski hukaa ndani ya kiini cha mfumo. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Kiendeshi kikikosea, kiini chaweza kusimamisha kompyuta nzima, maana kikiendelea huenda kikaharibu yote yaliyoandikwa kwenye diski. Basi mwandishi wa kiendeshi ashike kanuni tatu.

Kwanza, akague kila jibu kabla ya kulitumia. Hapa Mikumi twaona malori yakipimwa kwenye mizani, dereva haaminiwi kwa maneno tu. Vivyo hivyo, diski ikileta baiti 4,096, kiendeshi kihakikishe kwamba nafasi iliyotengwa yazitosha. Tarehe 19 Julai 2024, kiendeshi cha ulinzi cha CrowdStrike, ambacho si cha diski lakini hukaa katika kiini hicho hicho, kilitafuta kitu cha 21 katika orodha yenye vitu 20. Kompyuta za Windows zipatazo 8,500,000 duniani zilianguka.

Pili, kiendeshi kisingoje milele. Diski mbovu hunyamaza. Katika Linux, agizo la kusoma au kuandika kwa kawaida hupewa sekunde 30. Zikipita bila jibu, agizo hufutwa, na ikibidi diski huanzishwa upya.

Tatu, kiwe tayari kwa chombo kung'olewa. Mtu akichomoa flashi katikati ya kazi, kiendeshi kirudishe taarifa ya kosa, wala kisiguse tena kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.

Nasi watumiaji yatupasa kuiaga kompyuta kabla ya kuchomoa flashi, kupata viendeshi kwa mtengenezaji mwenyewe, na kuweka nakala ya kazi zetu mahali pengine.

Na wenzangu mnaotaka kuandika programu, msiridhike kuona yenu yafanya kazi kwa diski nzima. Ijaribuni kwa diski mbovu. Huko ndiko itakakojulikana uimara wake.