Marcel Marceau: Ukimya Uliookoa Watoto

Wengi tunadhani kipaji huonekana pale mtu anaposimama jukwaani na kupigiwa makofi. Maisha ya Marcel Marceau, Myahudi aliyeigiza bila kusema neno, yanatufundisha vingine.

Alizaliwa mwaka 1923 mjini Strasbourg, Ufaransa, katika familia ya Mangel. Baba yake alikuwa na bucha. Tangu utotoni alipenda kumwigiza Charlie Chaplin. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, familia ilihama mji, naye akafika Limoges. Ili kuficha asili yake, alijiita Marceau, jina la jenerali wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Huko alijiunga na waliowapinga Wanazi kwa siri. Mkono wake uliozoea kuchora ulibadilisha umri katika vitambulisho, vijana waonekane wadogo wasichukuliwe kufanya kazi za kulazimishwa. Pamoja na binamu yake, Georges Loinger, alisaidia kuwavusha watoto wa Kiyahudi hadi Uswisi, akiwaigizia njiani ili watulie. Baba yake mwenyewe hakupona: alikamatwa mwaka 1944, akauawa Auschwitz.

Baada ya vita alisomea uigizaji Paris kwa Charles Dullin na Étienne Decroux. Mwaka 1947 alimbuni Bip, mhusika mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe na kofia kuukuu yenye ua jekundu. Alizunguka naye dunia kwa miongo mingi, na mwaka 1978 akafungua shule Paris. Alifariki tarehe 22 Septemba 2007, Wayahudi wakiwa katika Siku ya Upatanisho.

Tunajifunza nini? Upo ukimya wa aina mbili. Mmoja ni wa anayeona jirani akichukuliwa, akafunga dirisha. Mwingine ni wa anayenyamaza ili mtoto wa mwenzake apone. Kwa nje vinafanana; kinachovitofautisha ni nani anayelindwa. Wa kwanza hunilinda mimi, wa pili humlinda mwingine. Aidha, kipaji cha Marceau kilitumika kwa wahitaji kabla dunia haijakijua.

Maswali ya kutafakari:

1. Ninaponyamaza, ninamlinda nani?

2. Kipaji changu kinamfaa nani leo, hata kabla ya sifa?