Kabla Hamjaniambia Mnakwenda Wapi, Niambieni Mtalala Wapi

Wadogo zangu, likizo ikikaribia maswali huwa ni yale yale, ila safari hii moja limeyazidi mengine yote. Linasema hivi: "Dada, sisi ni wasichana watatu. Tuna Noah ya kaka yangu na tunataka kutoka Dar mpaka Matema, Ziwa Nyasa, halafu turudi. Hoteli hatuziwezi. Tukilala humo humo garini kuna ubaya?"

Hakuna ubaya. Madereva wa malori ya Tunduma wanalala kwenye kabini zao kila siku, kwenye barabara hiyo hiyo, na mzigo unafika. Lakini mwulize dereva wa lori leo analala wapi, atakutajia mahali kabla hujamaliza kuuliza. Nyie nikiwauliza mtanitajia Daraja la Mungu, Ziwa Ngosi na mchanga wa Matema. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Safari ya kulala garini hupangwa kuanzia usiku. Mkishajua kila jioni gari litaegeshwa wapi, mchana utajipanga wenyewe. Mkianza na vivutio, saa mbili usiku itawakuta barabarani mkitafuta pa kusimama, na anayetafuta pa kusimama saa hizo hana nafasi ya kuchagua.

Pesa kwanza, maana ndiyo iliyowaleta

Kulala garini kunaokoa pesa ya chumba, sawa. Ila chumba si mzigo mkubwa wa safari hii. Mzigo ni mafuta. Dar mpaka Mbeya ni kilomita kama 830. Ongezeni mteremko wa Tukuyu na Kyela mpaka Matema, ongezeni kurudi na michepuko miwili mitatu ya kutembea, mtakaribia au kuzidi kilomita 2,000. Noah ya cc 2000 iliyofanyiwa sevisi vizuri inakwenda kilomita kama 10 kwa lita. Kwa hiyo hapa tunazungumzia lita 200 na ushee. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Chukueni bei ya petroli ya mwezi wenu, zidisheni, kisha gawanyeni kwa watatu. Jibu likiwatisha, afadhali liwatishe mkiwa sebuleni kuliko mkiwa Makambako. Na tangki lijazwe Dar, maana bei inapanda kadiri mnavyoiacha bandari nyuma.

Baada ya mafuta andikeni sevisi ya gari, chakula, maegesho na bafu, viingilio, halafu akiba ya dharura isiyopungua bei ya tangki moja. Pesa yote ichangwe kabla ya kuondoka. Zile za "nitawarushia tukifika Iringa" msizikubali. Mweka hazina awe yule mwenzenu mwenye mkono wa birika mnayemcheka siku zote. Safari hii ndiyo siku yake ya kung'ara.

Jiko mimi ningeliacha nyumbani. Barabara nzima ina mama lishe: asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage. Ilula mtapata nyanya, Ruaha Mbuyuni vitunguu, Tukuyu ndizi na maparachichi. Mkiwa na chupa ya chai, mkate, karanga na dumu la maji ya kunywa, inatosha.

Gari lenyewe

Noah haina haja ya fundi wa kuigeuza nyumba. Viti vya kati na vya nyuma vinalazwa vikakaribia kuwa tambarare, kasoro yake ni mabonde kati ya kiti na kiti. Mpelekeeni fundi magodoro vipimo, awakatie sponji ya inchi tatu vipande viwili. Mabonde jazeni kwa nguo zenu. Mabegi yahamie mbele usiku, isipokuwa kiti cha dereva. Kiti hicho kinabaki kitupu, gari linatazama getini, na funguo zinakaa mahali ambapo wote watatu mnaweza kuzishika gizani bila kupapasa. Ikibidi kuondoka, mnaondoka.

Sasa hewa na mbu, maana hapa wengi hushindwa. Mkifunga vioo vyote, kufika alfajiri vinatiririka maji kwa ndani, na hiyo ni dalili kwamba mmelala mkivuta hewa ile ile. Mkifungua, mbu hawana simile. Dawa ni chandarua kikuukuu. Kateni vipande viwili vipana kuliko mlango wa mbele. Fungueni mlango, tandazeni kipande juu ya fremu mpaka kifunike dirisha ndani na nje, kisha ufungeni; mlango wenyewe utakibana. Halafu teremsheni kioo vidole viwili. Fanyeni hivyo pande zote mbili ili hewa ipite. Vidole viwili vinaingiza hewa, mkono wa mtu hauingii. Khanga kwenye kamba ndizo pazia.

Kuna mambo mawili siyafanyii mzaha. Jiko la mkaa halilali garini, hata kama moto umefifia, hata kama Mbeya mnatetemeka. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini bila kumwamsha. La pili, msilale injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi au joto, kwa sababu moshi wa injini una sumu hiyo hiyo. Baridi inatibiwa kwa blanketi zito na soksi. Na petroli ya akiba kwenye dumu la plastiki ndani ya gari mnalolala, msithubutu.

Pa kulala

Mahali pa kwanza ni gesti yenye uzio, geti na mlinzi. Fikeni jua lingali juu, mwenye nyumba awaone sura. Mazungumzo hayahitaji ufundi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Vyumba vipo."

"Ahsante mama. Tupo watatu. Tunaomba chumba kimoja cha bei ya chini, wawili tutalala kwenye gari letu hapa ndani ya geti."

"Kwenye gari? Kulikoni?"

"Bajeti mama. Bafu na choo tutalipia wote."

Ataguna, ataliangalia gari kuanzia tairi mpaka paa, halafu atataja bei. Ombeni punguzo kidogo, msimkomoe. Chumba kimoja kwa watatu kinawapa bafu, choo, soketi ya kuchaji simu na kitanda cha zamu kwa yule aliyeendesha siku hiyo. Dereva aliyelala vizuri ni bima kubwa kuliko ile ya karatasi.

Kisha ombeni wote watatu muandikwe kwenye kitabu cha wageni, hata wale wa garini: jina, mnakotoka, mnakokwenda, na namba ya gari. Kuna watu hukwepa kitabu wakidhani wanajificha. Msijifiche. Msichana aliye safarini ana usalama zaidi pale ambapo mtu anajua kwamba yupo. Mlinzi naye mpeni ya chai, ila mpeni asubuhi. Akiipata jioni anaweza kwenda kuinywea kweli.

Gesti zikijaa, nendeni kwenye hosteli za misheni, au sheli kubwa inayofanya kazi usiku kucha yenye taa na malori, mkimwomba kwanza msimamizi. Ikitokea mmeharibikiwa kijijini, mtafuteni mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, mjitambulishe, yeye atawaonyesha pa kuegesha. Kando ya barabara porini, hapana. Kwenye uwanja wa baa, hapana, hata kama mmeambiwa ni bure.

Njia, usiku kwa usiku

Kanuni yangu ya barabara hii ni fupi: kwenye joto piteni mchana, laleni milimani. Bati la gari linahifadhi joto, na usiku wa bondeni mtageuka mishikaki.

Tokeni Dar saa 11 alfajiri, kabla Kimara na Kibaha hazijaamka. Baada ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na kupita hapo hamlipii kiingilio. Twiga, pundamilia, nyani, na mkibahatika tembo, mnawaona kwa bei ya mafuta yenu. Fuateni mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Msishuke, msiwarushie nyani ndizi, na msipite usiku, kwa sababu wanyama wanavuka na kumgonga mmoja kuna faini yake.

Mbele yake ni bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga. Mkipanda, zimeni kiyoyozi, tazameni geji ya joto, na msiyapite malori kwenye kona hata kama yanatambaa. Rejeta ikichemsha, simameni penye nafasi, na mfuniko msiufungue mpaka ipoe kabisa. Siku ya kurudi mtateremka hapo hapo: wekeni gia nzito, kwenye otomatiki ni 2 au L, maana breki ikikanyagwa mfululizo inachemka na kuishiwa nguvu. Ndiyo sababu sitaki mfike Kitonga kiza kimeingia. Mkichelewa kutoka Dar, laleni Morogoro, msilazimishe.

Usiku wa kwanza na wa pili ni Iringa, kuna baridi nzuri ya kulalia. Siku ya katikati nendeni Kalenga lilikohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nendeni na Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini, mkaone nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale. Vyote viwili viko jirani, mafuta hayataungua bure.

Usiku wa tatu ni Uyole. Barabara ya Tukuyu na Kyela inachepukia hapo kabla ya Mbeya mjini, kwa hiyo hamna sababu ya kuingia kwenye foleni ya mji. Juni na Julai huko baridi ni kali, lile blanketi mliloliona zito litawatosha kwa shida. Usiku wa nne ni Tukuyu, mkiwa mmepitia Ngosi na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Tukuyu mvua haina adabu, inakuja hata kiangazi. Egesheni juu ya changarawe au sakafu, kamwe si kwenye majani, la sivyo asubuhi mtatafuta vijana wa kusukuma.

Matema ni bondeni, kuna joto na mbu wa kweli. Hapo acheni ushujaa: laleni kwenye chumba chenye chandarua siku mbili, kwa ile pesa mliyookoa milimani. Jaribuni kuwepo Jumamosi, ndiyo siku ya soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Kabla ya kuogelea waulizeni wenyeji wanaoga wapi, maana kwenye midomo ya mito kuna mamba. Mkirudi, katisheni safari Makambako au Iringa.

Mambo yenu wenyewe

Noah ni ya kaka, kwa hiyo kubalianeni mapema: bushi ikifa, nani analipa? Bima ni kubwa au ya mtu wa tatu? Chukueni kadi ya gari au nakala yake, na barua fupi ya mwenye gari. Angalieni kwenye mfumo wa polisi kama gari linadaiwa faini. Pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, jeki, spana ya tairi na spea yenye upepo viwemo, na angalau wawili kati yenu mjue kubadili tairi. Trafiki akiwakamata kwa kosa la kweli, salimieni, mpokee namba ya malipo, mlipe kwa simu. Pesa mkononi hapana. Kwenye vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na tochi huwa nyuma ya mti msioudhania.

Mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yenu ya usiku, na kila jioni mmtumie jina la gesti. Mitandaoni wekeni picha mkishaondoka mahali, si mkiwa bado hapo. Na wewe uliyeniandikia pembeni ukiuliza kama "shemeji" anaweza kuongezeka: Noah inalaza wawili kwa raha na mmoja kwa zamu. Hesabu imegoma, mwambie hivyo.

Mwisho, wiki moja kabla ya safari, laleni kwenye gari uani kwenu. Usiku mzima, chandarua mlangoni, khanga dirishani, simu zimezimwa. Asubuhi mtajua nani anakoroma, sponji ipi ni fupi na nani anaamka mara tatu kwenda chooni. Mkianza kugombania blanketi usiku huo huo, ahirisheni safari mkanunue la pili. Mkiamka mnacheka, nileteeni chungu cha Lyulilo, kile kidogo tu cha maharage.

Dada yenu.