SOMO LA AFYA: Matone ya Damu Miezi ya Mwanzo ya Vidonge vya Majira

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na ndugu wafadhili wetu, somo letu safari hii linahusu jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ya chini, na mara nyingi hawalisemi kabisa: kutokwa damu bila mpangilio baada ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango. Hapa ndipo mama huweza kuacha vidonge kimya kimya, akapata mimba asiyoitarajia huku mdogo bado yuko mgongoni. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, ili mwili wa mama urudi na mtoto apate malezi.

Tuanze na vidonge vyenyewe. Aina inayotumika sana ina vichocheo viwili, estrojeni na projestini. Pakiti ya vidonge 28 kwa kawaida huwa na 21 vyenye vichocheo na 7 visivyo navyo. Katika baadhi ya pakiti hivi 7 ni vya rangi ya kahawia na vina madini ya chuma. Siku hizo 7 ndizo mama huona damu yake ya mwezi, na hiyo haimshangazi. Kinachomtia hofu ni damu inayokuja akiwa bado anameza vile 21: leo matone, kesho hakuna, wiki ijayo yamerudi.

Projestini hufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba. Mwanzoni utando huo haujatulia, mishipa yake midogo hupasuka kirahisi na sehemu zake hubanduka kabla ya wakati. Mwili ukizoea, damu hupungua, na kwa wengi hali hutulia ndani ya miezi 3 hivi. Baada ya hapo hedhi mara nyingi huwa nyepesi kuliko zamani, jambo lenye faida kwa mwenye upungufu wa damu. Kwa hiyo si kweli kwamba mji wa mimba umeharibika, wala kwamba ni damu chafu, wala kwamba mama hatazaa tena. Tena, kama anameza kila siku, kinga yake ipo hata siku anazoona matone. Hilo tunaomba lirudiwe kila mnapofundisha, maana anayeacha katikati ya pakiti huongeza damu na kupoteza kinga kwa pamoja.

Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa vidonge vya projestini pekee, visivyo na siku za kupumzika. Kwa hivi, damu inaweza kukosa mpangilio kwa muda wote wa matumizi bila kuwa ugonjwa.

Watu wetu wameviita vidonge vya majira, na jina limekaa vizuri, kwani kuchelewa na kusahau ni sababu kubwa ya matone. Afadhali mama achague saa inayokwenda na kazi asiyoiacha, kama kuosha vyombo vya jioni. Anayetumia vyenye vichocheo viwili akisahau kidonge 1 au 2, ameze mara akumbukapo na kuendelea kama kawaida. Akikosa 3 au zaidi mfululizo, ameze kimoja mara moja, aendelee, atumie kondomu kwa siku 7 na kupita zahanati kwa maelekezo. Kutapika au kuharisha sana huvuruga pia. Vilevile dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Mhudumu aambiwe dawa zote.

Aende kituo cha afya bila kungoja miezi 3 ikiwa damu ni nyingi kuliko hedhi yake, inatoka baada ya tendo la ndoa, inaambatana na maumivu makali chini ya tumbo, au anahisi ana mimba. Aende pia ikiwa miezi 3 imepita na damu haijatulia, au imeanza upya baada ya kutulia. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma vikali pamoja na kuona ukungu, au macho kuwa ya njano: hapo aache vidonge na awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Waume nao wakae kwenye somo hili. Baba asiyejua huweza kudhani mkewe anaumwa, au akamshuku, na pakiti ikaishia motoni.

Kwa ndugu wafadhili: hesabu ya pakiti zilizogawiwa haionyeshi ni mama wangapi walifika pakiti ya nne. Tunaona ni heri kugharimia ziara ya mhudumu wa jamii mwezi wa kwanza na wa tatu kuliko kuongeza maboksi stoo. Kila kamati, katika kikao kijacho, itaje ni nani katika mtaa wake mama anaweza kumwuliza habari hizi bila aibu. Kama hayupo, achaguliwe siku hiyo hiyo.