Ilhamu ya Mchoraji: Kuta za Murang'a

Hudaiwa kwamba ilhamu humshukia mchoraji kama mvua, pasi na yeye kuitafuta. Michoro mitano ya ukutani aliyoichora Elimo Njau mwaka 1959 katika kanisa kuu la Kianglikana mjini Murang'a inaitilia shaka kauli hiyo. Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea sanaa Makerere, alichora katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Visa vyenyewe ni vya kale: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Hata hivyo, Yesu huyu ni Mwafrika, na mandhari ni ya nyanda za juu za Wakikuyu, wala si ya Palestina. Mhakiki anayeuona uteuzi huo kuwa pambo tu amekosea. Ilhamu ya Njau ilitoka mahali na msiba wa mahali hapo. Muumini aliyefiwa, alipoinua macho, aliyaona mateso ya msalabani yakitukia katika ardhi ileile alimozikwa jamaa yake.