SOMO LA MASHINE: BERINGI, AINA ZAKE NA KAZI ZAKE

Ndugu Wanachama,

Msimu wa mavuno unakaribia, na kila mmoja wetu ameanza kutazama majamvi, magunia na pishi zake. Katika somo la safari hii nataka tutazame kitu kidogo ambacho aghalabu hatukitazami mpaka kimekwisha kuharibika, nacho ni beringi.

Sababu ya kulichagua somo hili wengi mwaijua. Msimu uliopita gari la ng'ombe la Chama lilikwama mlimani, gurudumu la kushoto limegoma kuzunguka, na juu yake zimo karafuu mbichi za wanachama watano. Mvua ilinyesha. Magunia yalilala njiani siku mbili, na karafuu mbichi zikirundikana guniani hupata moto na kuvunda. Zikianikwa baadaye hutoka zimepauka na kusinyaa. Zile hazikupata daraja la kwanza. Siku kumi kabla ya hapo, kijana anayeswaga ng'ombe alikuja ofisini kuniambia kwamba gurudumu linalia. Nilimjibu, "Tumalize msimu kwanza." Kosa lilikuwa langu, na somo hili ni sehemu ya kulilipa.

BERINGI NI NINI?

Beringi hukaa baina ya kitu kinachozunguka na kitu kilichotulia. Kazi zake ni mbili: kubeba uzito, na kupunguza msuguano, yaani ule mkwaruzano unaoleta joto na kula chuma. Wanaoshua vyombo pwani waijua siri yake. Chombo kikiburutwa juu ya mchanga hakiendi, lakini kikiwekewa magogo ya mviringo chini yake, watu wachache wanatosha kukisukuma. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, katika nchi ya Wales, alipewa hati ya uvumbuzi wa ekseli ya gari iliyozungukia juu ya gololi.

Kabla ya kuzitaja aina zake, yapasa tufahamu kwamba uzito huja kwa njia mbili. Upo uzito wa juu, unaokandamiza ekseli kwenda chini, kama magunia garini. Na upo uzito wa ubavu, unaosukuma kwa kufuata urefu wa ekseli, kama gari linapokata kona au linapopita njia iliyoinama upande. Beringi iliyopewa uzito usiokuwa wake haidumu, hata ikiwa mpya.

AINA ZAKE

1. Bushi. Hii ndiyo aina kongwe na sahili kuliko zote. Ni mwanzi wa shaba, nailoni, mpira au mti mgumu, na ekseli huzunguka ndani yake bila ya gololi. Ndani ya injini, shafti kubwa hukaa juu ya bushi nyembamba zinazosukumiwa oili na pampu. Katika mashua nyingi za mashine, shafti ya rafadha hupita ndani ya bushi ya mpira, na maji ya bahari yenyewe ndiyo mafuta yake. Bushi hustahimili kishindo, lakini bushi ya shaba ikikaukiwa na oili huliwa upesi.

2. Beringi ya gololi. Ina pete mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake gololi zilizotengwa na kizimba zisigongane. Gololi hugusa pete mahali padogo mno, mfano wa ncha ya kalamu. Kwa hivyo huzunguka kwa wepesi na kwa kasi, lakini haifai kwa mzigo mzito sana. Hubeba uzito wa juu na kiasi cha uzito wa ubavu. Tutaikuta katika mota za umeme, pampu za maji, feni na magurudumu ya pikipiki. Baiskeli nyingi pia zina gololi, ila zake huwekwa ndani ya kikombe na kukazwa kwa koni.

3. Beringi ya rola nyoofu. Mahali pa gololi pana vyuma vya mviringo virefu kama vipande vya penseli. Rola hugusa pete kwa urefu wake wote, kwa hivyo hubeba uzito wa juu mkubwa zaidi. Uzito wa ubavu aghalabu haiuwezi. Rola zikiwa nyembamba sana huitwa sindano, na hutumiwa penye nafasi finyu, kama katika misalaba ya shafti ya lori.

4. Beringi ya rola za pia. Rola zake ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama pia iliyokatwa ncha. Mwaka 1898 Henry Timken, muundaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa beringi ya namna hii. Hubeba uzito wa juu na wa ubavu kwa pamoja, na katika gurudumu hufungwa mbili mbili zikielekeana, kwani kila moja hupokea ubavu wa upande mmoja tu. Gari letu la ng'ombe, lililoundwa kwa ekseli ya motokaa kukuu, lina beringi za aina hii.

5. Beringi ya kukaliwa. Hizi ni sahani mbili za chuma zilizolaliana, na gololi katikati. Hubeba uzito unaofuata urefu wa shafti tu, kama unaoshuka juu ya jeki ya skrubu.

6. Beringi ya kujinyoosha. Ina safu mbili za gololi, na pete yake ya nje ina uvungu kama ndani ya bakuli, hata shafti ikipinda kidogo beringi huifuata. Aliyeibuni mwaka 1907 ni Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Uswidi, ambako udongo wa mfinyanzi ulikuwa ukisogea chini ya jengo na kuzipotosha shafti. Hufaa kwa shafti ndefu ambayo misingi yake haikunyooka sawasawa.

KUSOMA NAMBA

Anayekwenda dukani asiseme, "Nipe beringi ya gurudumu." Apeleke namba iliyopigwa juu ya pete. Beringi nyingi za gololi zina namba nne zinazoanza na 6. Twaa tarakimu mbili za mwisho, uzidishe kwa 5, utapata upana wa tundu kwa milimita. Namba 6204 ina tundu la milimita 20, na 6205 la milimita 25. Zinazotoka katika kanuni hii ni nne: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Beringi nyingi za rola za pia za vipimo vya milimita zina namba tano zinazoanza na 3, kama 30205. Ukiona ZZ, beringi ya gololi imefunikwa kwa bati pande zote mbili. Ukiona 2RS, imezibwa kwa mpira. Kwa vumbi letu na hewa yetu ya chumvi, 2RS ni bora kila inapofaa.

HESABU YA MZIGO

Wahandisi wana kanuni ambayo kila mwenye gari la mzigo aifahamu. Uzito juu ya beringi ya gololi ukizidishwa mara mbili, umri wake hushuka hata kuwa sehemu moja katika nane. Kwa beringi ya rola hushuka hata kuwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Maana yake, safari moja ya mzigo maradufu hula beringi za gari letu sawa na safari kumi za mzigo wa kawaida. Mwenye kuugawa mzigo ule kwa safari mbili ametumia safari mbili tu.

Siku ile tulipakia maradufu kwa kuikimbia mvua. Tulipofungua gurudumu tulikuta grisi imekuwa nyeupe kama tui, yaani imeingia maji, na ndani yake mna mchanga. Rola zilikuwa zimebambuka ngozi.

MATUNZO KABLA YA MSIMU

(a) Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Kisha lizungushe usikilize. Likicheza sana au likikwaruza, lifungue.

(b) Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha kandamiza grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Usichanganye grisi za namna mbili. Mpira wa kuzibia uliochakaa ubadilishwe.

(c) Beringi mpya usiipige nyundo. Sukuma ile pete inayobana, wala nguvu isipitie kwenye gololi au rola. Ukibadilisha rola za pia, badilisha na kikombe chake.

(d) Kaza nati huku ukilizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa wepesi bila ya kucheza. Usisahau pini yake.

(e) Baada ya safari, gusa kati ya gurudumu. Ikiwa mkono haustahimili moto wake, gari lisiendelee.

Ndugu zangu, hasara ya msimu uliopita waliibeba wanachama watano, na mimi niliyeahirisha sikubeba kitu. Jambo hilo si uadilifu. Kwa hivyo nimeiomba Kamati ilete mbele ya mkutano mkuu mashauri mawili. La kwanza, gari la Chama lifunguliwe na kutiwa grisi kila mwaka kabla ya mavuno, kwa gharama ya Chama. La pili, kijana anayeliendesha awe na ruhusa ya kulisimamisha bila ya kumngoja Katibu. Tafadhali hudhurieni mtoe rai zenu.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama