Kwa Nini ARV Hazing'oi Kirusi

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Baiolojia, sekondari moja jirani na Kibirizi, mwanafunzi alininyoshea mkono: "Mwalimu, mtu akipima virusi havionekani, anaendelea kumeza dawa za nini?" Nikamjibu, "Ili visirudi." Akakaa, lakini nilijua sijamjibu kitu. Mjomba wangu aliacha dawa kwa hoja hiyo hiyo. Alirudi kliniki mifupa mitupu.

Jibu lenyewe liko kwenye hatua ambayo notisi zangu za kidato cha sita ziliiruka.

VVU ni retrovirusi: maelekezo yake yameandikwa kwa RNA. Kikishaingia kwenye seli ya CD4, kinanakili RNA hiyo kuwa DNA, halafu kimeng'enya chake, integrasi, kinaichomeka nakala hiyo ndani ya DNA ya seli. Notisi ziliishia hapo. Kumbe kazi haijaisha! Integrasi hukata nyuzi mbili za DNA yetu kwa kupishana herufi 5, na kila upande inaunganisha uzi mmoja tu. Yanabaki mapengo, na ncha za kirusi zinaning'inia. Kirusi hakina kifaa cha kuziba.

Nani anaziba? Sisi wenyewe. Seli ina mafundi wa kukarabati DNA, maana DNA huharibika kila siku, kwa jua, kwa moshi, hata kwa makosa ya kunakili. Kwao pengo ni pengo. Mmoja anakata kinachoning'inia, polimerasi inajaza herufi, ligasi inafunga. Alama inabaki: herufi 5 zile zile za seli zinajirudia kila upande wa kirusi.

Mnaoijua Kibirizi mmeona mafundi wa mitumbwi pale mwaloni wakiziba nyufa za mbao kwa pamba. Fundi haulizi ubao umetoka wapi. Mfano wangu una kasoro, najua: ubao unaweza kung'olewa. DNA ya kirusi ikishazibwa imekuwa ya nyumbani, na seli ikigawanyika nayo inanakiliwa.

Sasa dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kinachotumika sana nchini, inaizuia integrasi isichomeke kwenye seli mpya. Iliyokwisha kuzibwa haiigusi. Baadhi ya seli hizo zinalala miaka na miaka bila kutoa kirusi, na kipimo cha wingi wa virusi hakizioni. Dawa ikiachwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache virusi vimerudi kwenye damu.

Mwingine aliuliza kama UKIMWI ulitoka Gombe, maana boti za huko zinaondokea hapo hapo. Hapana. Ukoo wa VVU uliosambaa duniani umefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun. Ila sokwe wa Gombe wana ndugu yake, SIV, na utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao. Kabla ya hapo wengi walidhani haiwadhuru.

Kipindi kilichofuata nilichora mbao na nyufa ubaoni, nikamjibu upya yule wa kwanza. Akauliza: "Basi si tumzuie huyo fundi?" Nikamwambia fundi huyo huyo akigoma, makosa yanarundikana kwenye DNA, ndiyo mwanzo wa saratani nyingi. Akaguna, akaandika.