Hesabu ya Hewa na Petroli: Somo Kutoka Pikipiki ya Mjomba

Katika likizo ya Juni mjomba wangu, ambaye huchuuza migebuka na dagaa kutoka Karema mpaka Mpanda mjini, alirudi nyumbani amekasirika. Pikipiki yake ilikuwa imepungua nguvu. Alikuwa amekwisha kupatana na kijana mmoja mwenye kompyuta kwamba jioni ile ataifungua kontroli boksi na kuzibadili hesabu zake, ili pikipiki ipate mbio. Malipo yake yalikuwa faida ya safari mbili za samaki. Mimi niliambiwa nishike taa. Yaliyotokea nitayaeleza, lakini sharti kwanza tulijue jambo lenyewe, maana wengi wetu twapenda kusema habari za "kufungua injini" pasipo kujua kinachofunguliwa.

Injini ya petroli hula vitu viwili, hewa na petroli. Ili petroli iungue yote, kila gramu 1 yahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Angalieni kwamba twapima kwa gramu wala si kwa lita. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Basi yataka kilo 11 za hewa. Hapa Mpanda, tulipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa hiyo hujaza zaidi ya mita za ujazo 10, yaani chumba kidogo kizima kwa lita moja tu ya petroli! Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi huvaa masizi na fedha huteketea bure. Ikipungua mno, injini huchemka, na mchanganyiko huweza kulipuka ndani ya silinda wakati usio wake, hata pistoni ikatoboka.

Katika pikipiki nyingi za bodaboda mjini kwetu kazi ya kupima hufanywa na kabureta. Hewa ipitapo kwa kasi penye wembamba, msukumo wake hupungua, na petroli huvutwa kupitia tundu la jeti. Fundi akitaka kubadili kipimo hubadili jeti au huzungusha skrubu. Pikipiki ya mjomba haina kabureta. Ina pampu ndani ya tangi, na nozeli inyunyizayo petroli kwa amri ya kontroli boksi, ambayo ni kompyuta ndogo.

Kompyuta hii haiwezi kuionja petroli. Hupata habari kutoka vipimio: kimoja huieleza injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, kingine mkono wa mafuta umevutwa kiasi gani, vingine joto la injini, joto la hewa na msukumo wa hewa. Kisha hutazama jedwali lililoandikwa ndani yake kiwandani, ambalo mafundi huliita ramani. Mfano wake ni karatasi ya alama za darasa. Mistari ni mizunguko ya injini, safu ni kiasi cha mkono wa mafuta, na mstari unapokutana na safu pana namba isemayo nozeli ifunguke kwa muda gani. Tuseme mstari wa 3,000 una namba 40 na mstari wa 4,000 una namba 50. Injini ikizunguka mara 3,500 kompyuta huchukua 45. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi aiweza. Ajabu yake ni kasi. Injini ya mipigo minne, ya sentimita za ujazo 150, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta hewa mara 2,500. Kila mvuto, silinda ikijaa, huingiza gramu 0.156 hivi za hewa ya Mpanda, nayo yataka petroli miligramu 10.6. Na muda wote tangu mvuto mmoja hadi mwingine ni milisekunde 24.

Sasa tupande milima. Kadiri tupandavyo, msukumo wa hewa hupungua. Pwani ya Dar es Salaam ni kilopaskali 101 hivi. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni 92 hivi, Mpanda 89, na Sumbawanga, iliyo kama mita 1,800 juu ya bahari, 82 tu. Kipimio cha msukumo huiarifu kompyuta, nayo hupunguza petroli ili uwiano usiharibike. Kabureta ya kawaida haiwezi kufanya hivyo, ndiyo maana pikipiki iliyorekebishwa vizuri pwani huweza kutoa moshi mweusi Sumbawanga. Lakini hata penye kompyuta, nguvu hupungua, kwa sababu hewa yenyewe ni chache. Petroli twaweza kuiongeza kwa namba; hewa haiandikiki katika jedwali.

Turudi uani kwetu. Kijana yule aliunganisha waya chini ya kiti. Kwanza alisoma jedwali lote na kulihifadhi katika kompyuta yake, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha akaongeza namba zote kwa asilimia 10, akaanza kuziandika upya. Betri ya pikipiki ilikuwa dhaifu. Mimi nilishika taa yangu nikitabasamu, kwani sikujua kwamba betri ingalizimika katikati ya kuandika, huenda kontroli boksi ingalikufa kabisa, na mjomba angalirudi kubeba samaki kwa baiskeli.

Pikipiki iliwaka. Kesho yake mjomba alikwenda Karema kwa njia ya Kagwira na Ikola, akarudi usiku. "Mjomba," akaniambia (ndivyo tuitanavyo sote wawili), "hii sasa yanywa kama ng'ombe!" Moshi ulikuwa mweusi, plagi nyeusi, na nguvu ni ile ile. Nikamwomba ruhusa nifungue chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eakilina. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu, hata mwanga wa tochi haukupenya. Hewa ilikuwa imezuiwa mlangoni, nasi tukamwongezea chakula mtu aliyezibwa pua!

Kijana aliitwa tena. Safari hii tuliunganisha betri nyingine iliyojaa, akarudisha jedwali la zamani lote kama lilivyokuwa. Chujio jipya likanunuliwa kwa fedha chache kuliko zile alizolipwa yeye. Nguvu zilirudi. Siku hizi mjomba hulalamika tu anapokwenda Sumbawanga, nami nimekwisha kumweleza sababu yake, ingawa hajakubali.

Je, ramani haibadilishwi kamwe? Hubadilishwa. Mtu akifunga ekzosi iliyo wazi zaidi, au akiongeza ukubwa wa silinda, hewa iingiayo si ile iliyopimwa kiwandani, na jedwali la zamani halifai tena. Lakini mafundi wa kazi hiyo hufunga katika ekzosi kipimio cha oksijeni kinachoonyesha uwiano kwa namba. Hubadili namba moja moja, kidogo kidogo, wakipima kila mara. Kijana wetu hakuwa na kipimio chochote. Alifanya kama mwalimu awapaye wanafunzi wote alama 10 zaidi pasipo kusoma karatasi zao. Tena tulikuwa na bahati kwamba aliongeza. Angalipunguza asilimia 10, huenda tungaliona hasara yake katika pistoni, mjomba akiwa amepakia matenga na kuvuta mkono wa mafuta wote mlimani.

Zoezi kwa Kidato cha Tatu na cha Nne: Injini ya sentimita za ujazo 150 huvuta gramu 0.156 za hewa kwa mvuto mmoja hapa Mpanda, msukumo ukiwa kilopaskali 89. Joto likiwa lile lile, itavuta gramu ngapi Sumbawanga, penye kilopaskali 82? Nayo itahitaji miligramu ngapi za petroli? Kumbukeni kanuni ya Boyle, na onyesheni njia.